Shemeji ananiuzia turbo ya 20G. Injini ya Forester yangu itaibeba?

Shikamoo kaka Fundi,

Nina Subaru Forester XT, SG5 ya mwaka 2005, injini EJ205, manyuo. Huu ni mwaka wa tatu niko nayo. Saa ya kilomita inasoma 148,000, ingawa sote tunajua saa za magari ya mtumba zinavyosoma. Ndilo gari la nyumbani: asubuhi linapeleka watoto shule, mchana linanisubiri kazini, na karibu kila mwezi tunateremka nalo Dar.

Mwaka jana fundi mmoja aliniondolea katalisti (kile kisafisha moshi), akachomelea bomba la inchi tatu kuanzia kwenye turbo mpaka nyuma. Siku ile nilitabasamu mpaka nyumbani. Lakini tangu hapo kuna jambo linanikera. Nikiwa gia ya nne, nimekanyaga mpaka mwisho, hasa asubuhi ya baridi, gari linashtuka kana kwamba mtu amezima swichi, kisha linaendelea. Ni sekunde moja tu. Fundi anasema pampu ya mafuta imechoka. Mwenzake wa gereji hiyohiyo anasema kompyuta ndiyo inabana, na anacho kidude cha kuidanganya, kinaungwa kwenye waya mmoja na tatizo linaisha.

Sasa zamu yangu ya mchezo imefika, nina milioni saba mkononi. Shemeji, kaka yake mke wangu, ana turbo ya TD05-20G aliyoitoa kwenye Impreza yake iliyonoki mwezi wa tatu. Ananipa kwa bei ya undugu. Mpango wangu ni hiyo turbo, interkula kubwa ya mbele ya kupoza hewa ya turbo, valvu ya kupumulia ile inayolia psss, na filta ya koni. Rafiki yangu mwingine anasema nisiguse turbo kabla sijaweka pistoni za kufua, zile imara zilizopigwa badala ya kumiminwa. Niliuliza bei: pistoni, kuchonga bloku na kazi ya fundi vinaimeza hela yote, na turbo naikosa.

Nataka hosipawa 300, kama wenzangu tunaotoka nao Jumapili. Nianze na turbo au pistoni? Na shemeji ameshamwambia dada yake kwamba tumekubaliana, kwa hiyo kukataa nako kuna kazi yake.

Baba wa wawili, Sakina, Arusha

*

Marahaba, mdogo wangu.

Jibu la barua yako limejificha kwenye sentensi uliyoipita mbio kuliko zote: turbo imetoka kwenye injini iliyonoki. Nilipofika hapo niliweka kalamu chini nikacheka kidogo, unisamehe.

Subaru ikinoki, mara nyingi ni beringi za konrodi. Beringi zikila, zinamwaga unga wa chuma unaometameta kama rangi ya kucha, na unga huo unasafiri na oili kila oili inakokwenda. Shafti ya turbo haina mahali pengine pa kukaa isipokuwa juu ya utando mwembamba wa oili hiyohiyo, inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Turbo iliyokunywa oili ya injini inayokufa imelishwa msasa. Ukiifunga kwenye Forester yako bila kufunguliwa na kuoshwa yote, kilichobaki ndani kinashuka kwenye sampu yako (bakuli la oili chini ya injini), kinazungushwa na pampu, nawe baada ya miezi mitatu unaniandikia barua nyingine.

Ukitaka kuthibitisha, ipakate mapajani bila oili, shika ncha ya shafti kwa vidole viwili. Isukume na kuivuta kwa urefu wake: hapo isicheze hata kidogo. Kisha itikise pembeni: hapo kucheza kidogo ni kawaida, kwa kuwa utando wa oili haupo. Lakini kama mapanga yanagusa ukuta, au kingo zake zimeng'oka vipande vidogo kama meno ya panya, hiyo ni chuma chakavu yenye jina zuri. Angalia pia kama ni TD05 kweli. Turbo hizo zinatengenezwa na Mitsubishi, na nakala zake sokoni zimejaa hadi za kuuzia watoto.

Sasa hilo la kushtuka gia ya nne. Pampu yako haijachoka. Pampu iliyochoka inalifanya gari kuwa zito taratibu, halizimi kwa ghafla na kurudi. Unachokipata ni kompyuta kukata mafuta kwa makusudi kwa sababu presha ya turbo imepita kikomo ilichowekewa. Na chanzo ni lile bomba lililokufanya utabasamu.

Turbo iliyotoka nayo kiwandani ni ndogo, na ina kimlango kidogo, wesitigeti, cha kupitishia moshi pembeni presha ikitosha. Kiwandani walipiga hesabu ya kimlango hicho pamoja na bomba jembamba lenye katalisti. Wewe umefungua njia ya nyuma, moshi unatoka kwa kasi, gurudumu la turbo linapata nguvu ya ziada, na kimlango hata kikiwa wazi kabisa hakitoshi kupitisha kinachozidi. Presha inapanda yenyewe bila mtu kuiomba. Ongeza hewa nzito ya asubuhi ya Sakina na gia ya nne inayoipa turbo muda wa kutosha wa kupanda, hapo kompyuta inasema basi.

Kwa hiyo yule fundi wa kidude, nakuomba usirudi kwake kwa kazi hii. Kidude hicho kinaipelekea kompyuta taarifa ya uongo kwamba presha iko sawa. Presha yenyewe haishuki. Ulichonacho leo ni mlinzi anayekuamsha usiku kwamba kuna mwizi, na dawa unayouziwa ni ya kumziba mlinzi mdomo. Kinachotakiwa ni kwanza kukagua vimpira vya vakyumu vinavyokwenda kwenye wesitigeti (kimoja kikiwa kimepasuka au kimechomekwa sipo, dalili ni hizohizo). Vikiwa vizima, turbo ishushwe na tundu la wesitigeti lipanuliwe kwa kuchongwa vizuri, kisha kompyuta iandikiwe ramani inayolijua bomba jipya. Mpaka hapo usikanyage mpaka mwisho. Namaanisha kuanzia leo.

Niende kwenye 300 yako. Forester yako ilitoka Japani ikiwa na 220, na walioiandikia ramani walijua itakunywa petroli ambayo Wajapani wanaiita haioku, ambayo pampuni kwao huwa na okteni karibu 100. Yetu haifiki huko. Okteni ni uvumilivu: petroli yenye okteni ndogo ikibanwa sana na ikipashwa moto sana haisubiri zamu yake. Plagi imewasha, moto unasambaa, na kabla haujafika pembeni yale mabaki yanalipuka yenyewe. Huko ndiko kugonga. Usichanganye na kunoki kwa gereji zetu, ambako injini imeshakufa, ingawa la kwanza ndilo baba wa la pili. Pistoni za EJ205 ni za kumimina, ngumu lakini zinavunjika kama kigae, na zinapovunjika huanzia pale kati ya ringi na ringi.

Ndiyo maana swali la turbo au pistoni umeliuliza kwa mpangilio wa dukani. Injini hupangwa kuanzia kwenye mafuta. Tupige hesabu pamoja, kalamu ya kawaida inatosha.

Injini ya turbo iliyokanyagwa mpaka mwisho hunywa takriban gramu 270 za petroli kwa kila hosipawa kwa saa. Hosipawa 300 ni kilo 81. Lita moja ya petroli ina uzito wa kama gramu 740, kwa hiyo ni lita 109 kwa saa, au lita 1.8 na ushee kwa dakika. Gawa kwa nozeli nne zinazopuliza petroli kwenye injini: cc 455 kwa dakika kila moja. Lakini nozeli haitakiwi kufanya kazi zaidi ya asilimia 85 ya muda wake, inahitaji kupumua, basi unatafuta nozeli ya cc 535 hivi. Tuseme zako ni za cc 440. Rudisha hesabu nyuma utaona zinaishia kwenye hosipawa 245. Kwenye orodha yako kuna turbo ya kusukuma hewa nyingi, kuna interkula, kuna filta, kuna na filimbi, ila hakuna hata nozeli moja. Hewa imeongezeka, petroli ni ileile. Mchanganyiko unakuwa mkavu, joto linapanda, na silinda ya 4 inakwenda kwanza. Karibu kila mara ni ya 4, ile ya nyuma upande wa abiria kwa magari yetu.

Kuna na jambo la mwinuko ambalo wenzetu wa Dar hawalifikirii, ila ninyi mnaishi nalo. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya bahari. Hewa inayokuzunguka ina presha ya kama bari 0.86, ya Dar ni 1.01. Geji yako inasoma kilichoongezwa juu ya hapo. Jirani yako wa Dar akisukuma bari 1.1, ndani ya injini ana 2.11, na turbo yake imeizidisha hewa mara 2.1. Wewe ukitaka 2.11 hiyohiyo, turbo yako lazima iizidishe karibu mara 2.5, na geji itasoma 1.25. Shafti inazunguka kwa kasi zaidi, hewa inatoka ya moto zaidi, kwa nguvu ileile. Halafu 20G ni turbo ya kuamka kwa kuchelewa kwenye injini ya lita mbili, na huko juu moshi unaoiamsha ni mwepesi, itachelewa zaidi. Utakuwa na gari zito mzunguko wa Impala, na linalopasuka mbio pale ambapo askari wa tochi ameshakaa chini ya mti wake.

Kwa petroli yetu, mwinuko wenu na pistoni za kumimina, mimi ningelenga 260 mpaka 280, na ningeacha pistoni za kufua kabisa. Si kwamba rafiki yako amekosea. Anajibu swali la mtu anayetaka 350. Pistoni za kufua zinataka silinda zichongwe kwa kipimo chake, beringi mpya, gasketi, na mtu wa kufunga bloku ya Subaru ambaye hajifunzii kwako. Nusu ya kazi hiyo ikifanywa vibaya ni heri injini ya kiwandani ambayo haijawahi kufunguliwa.

Hela yako ianze mahali pasipoonekana. Pima kompresheni, yaani presha ambayo kila silinda inabana hewa, silinda zote nne injini ikiwa ya moto, mguu kwenye resi, betri ikiwa na nguvu. Usishtuke namba zikiwa ndogo kuliko za kitabu, kwa mwinuko wenu zitapungua kama asilimia 15. Unachotafuta ni kulingana: isizidi tofauti ya asilimia 10 kati ya ya juu na ya chini. Silinda ya 4 ikiwa imeachwa na wenzake, habari ya turbo imeishia hapo na hela yako ina kazi nyingine.

Zikilingana, badilisha mkanda wa taiming pamoja na roli zake na pampu ya maji, maana Japani huhesabiwa kilomita 100,000 na wewe hujasema kama umeshabadilisha. Injini hii mkanda ukikatika valvu zinagongana na pistoni. Fungua sampu uangalie mrija wa kunyonyea oili. Ule wa kiwandani una tabia ya kupasuka kwenye kiungo, unanyonya hewa, na beringi zinakufa bila taa kuwaka mapema. Ukiwa hapo, ulizia ile bolti yenye tundu inayopeleka oili kwenye turbo. Baadhi ya EJ20 zina kichujio kidogo cha wavu ndani yake, kikiziba turbo mpya nayo inakufa. Plagi ziwe za daraja moja baridi zaidi (kwa NGK namba ikipanda ndivyo plagi inavyokuwa baridi) na pengo la milimita 0.7.

Sehemu ya pili ya hela ni kompyuta. Tafuta mtu anayekuja na laptopu, kebo ya Tactrix na programu kama RomRaider, na anayefunga kipima mchanganyiko kwenye ekzosi kabla hajagusa kitu. Injini ikiwa chini ya presha kamili asome kilo 11 mpaka 11.5 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Muulize swali moja la kumpima: alama ya imani ya kompyuta ni ngapi? Subaru hujiwekea alama kulingana na inavyosikia kugonga. Kompyuta nyingine kamili ni 1.0, nyingine ni 16. Ikishuka, injini imekuwa ikilalamika. Akikutolea macho, mlipe soda umsindikize. Na ramani ijaribiwe kwa petroli unayonunua kila siku, pande zote mbili. Gari lililotulia Arusha linaweza kugonga ukishaipita Same kuelekea Mombo, joto limepanda, hewa imekuwa nzito, na una watoto nyuma na mzigo.

Baada ya hapo ndipo turbo. Tafuta TD05-16G nzima au VF30 ya IHI. Hii ya pili ilikuwa kwenye Impreza STI za Japani za mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ukienda Ilala utaonyeshwa sana VF36 na VF37, nazo ni nzuri, ila ni za njia mbili: mdomo wake una matundu mawili yanayotaka mabomba ya moshi ya aina yake, ya kwako yana njia moja. Watu wamenunua kwa furaha wakafika nyumbani zikakataa kukaa. Chukua kipande cha karatasi, chora mdomo wa turbo yako, nenda nacho.

Pamoja nayo nozeli za cc 565 na pampu ya Walbro ya lita 255 kwa saa. Presha ikipanda pampu hiyo inatoa pungufu ya namba yake, lakini bado inaizidi mbali ile 109 tuliyopata. Kabla hujanunua nozeli, angalia zako zinalishwa kwa juu au kwa ubavu, Subaru walitumia zote mbili na haziingiliani. Za mtumba zipimwe mtiririko zote nne kwa pamoja. Moja ikiwa mvivu, silinda yake ndiyo inayolipa.

Interkula ya mbele iache. Ya STI inayokaa juu inatosha kwa kiwango hicho, na bomba lake fupi linaifanya turbo ijibu haraka. Filta ya koni ndani ya boneti inavuta hewa ya moto, ya kiwandani inavuta ya nje. Na valvu ya psss, najua utaninunia: gari lako linapima hewa mwanzo wa njia, kompyuta inaihesabu na kuiandalia petroli. Ukiitoa nje ili wapita njia wasikie, petroli yake inabaki bila hewa, kila ukibadilisha gia gari linamwaga mafuta na kusitasita. Iliyopo inairudisha ndani kimyakimya. Niamini, wa Jumapili watakusikia tu.

Chenji ikibaki, weka klachi. Gia boksi hiyo ya gia tano si mpenzi wa kuachiwa klachi kwa kishindo. Na vuta kijiti cha oili kila unapojaza mafuta. Sijui injini ngapi za Subaru nimeziona zimekufa sampu ikiwa na lita mbili na mwenye gari akiapa amefanya sevisi.

Shemeji sasa. Usimwambie turbo yake ni mbovu, hasa mbele ya dada yake. Mwambie umeandika kwangu, na nimekataa 20G kwa injini yenye pistoni za kiwandani. Lawama zote nitupie mimi, hanijui na hatukutani kwenye misiba. Mshauri kwa nia njema aipeleke ikafunguliwe na kuoshwa kabla hajamfungia mtu mwingine. Na kama Impreza yake bado iko pale imekaa, muulize habari ya interkula ya juu, nozeli na klachi. Interkula nayo ioshwe ndani mpaka petroli ya kuoshea itoke safi, kuna oili ya turbo humo. Huo ununuzi una maana, yeye anapata hela yake, na mama watoto anaona mmekubaliana kweli.

Kompresheni ukishapima, niandikie namba nne tu. Ya silinda ya 4 iandike kwanza.